Masazo ya Shamba: Je, Timu Ishindwe kwa Makusudi?

Swali lililozaa makala hii liliulizwa baada ya ibada, katika kipindi cha vijana, na kijana mmoja anayefuatilia mpira wa Kimarekani usiku kwa simu yake. Tulikuwa tukizungumzia kazi na uaminifu. Akasema kwamba kuna nchi ambako timu ikishika mkia hupewa zawadi. Sasa mchezaji Mkristo aliye katika timu ya namna hiyo, msimu unapokwisha, naye anajua kwamba kushindwa leo kutaijenga timu mwakani, afanye nini? Wenzake walicheka. Mimi sikucheka, maana sikuwa na jibu. Nilipokwenda kusoma historia ya jambo hilo nilikuta kwamba lilianza kama tendo la huruma, na hapo ndipo ugumu wake ulipo.

Wengi wetu tunaujua mpira wa miguu tu, kwa hiyo nieleze kwanza. Katika ligi zetu anayeshika mkia hushuka daraja. Hakuna awezaye kutamani nafasi hiyo. Lakini katika NFL, ligi kuu ya mpira wa Kimarekani, hakuna kushuka daraja. Zipo timu 32, na zitabaki hizo hizo mwaka ujao. Tena kijana bora anayemaliza chuo kikuu hachagui timu ya kuchezea. Timu ndizo zinazomchagua yeye, kwa zamu, na zamu ya kwanza hupewa timu iliyofanya vibaya kuliko zote. Bingwa huchagua mwisho. Kisha raundi ya pili huanza kwa mpangilio huo huo, hadi raundi saba. Huo ndio uteuzi, na kwa mashabiki wa huko siku zake ni kama sikukuu.

Aliyeuleta utaratibu huo ni Bert Bell, mtoto wa familia tajiri ya Philadelphia, ambaye mwaka 1933 yeye na mwenzake walianzisha timu ya Philadelphia Eagles. Utajiri wa nyumbani haukumsaidia uwanjani. Mwaka 1935 timu yake ilishinda michezo 2 na kupoteza 9. Wakati huo kila timu ilijitafutia wachezaji, na kijana mwenye kipaji alikwenda palipo na fedha na ushindi: Chicago kwa George Halas, au New York kwa Tim Mara. Bell alimtaka sana mchezaji mmoja wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Stan Kostka, akashindwa kumpata, kijana akaenda Brooklyn. Mwenye nacho aliongezewa, na asiye nacho alibaki akihesabu madeni.

Mwezi Mei 1935 Bell aliwaomba wamiliki wenzake wakubali kwamba timu iliyo dhaifu ichague kwanza. Ajabu ni kwamba Halas na Mara walikubali. Hao ndio waliokuwa na cha kupoteza. Sisemi walikuwa watakatifu, kwa maana walijua pia kwamba ligi yenye washindi wawili tu itakimbiwa na watazamaji. Hata hivyo walikubali kuacha sehemu ya mavuno yao ili jirani apate.

Msomaji wa Biblia ataitambua picha hiyo. Katika Mambo ya Walawi, sura ya 19, Bwana anawaagiza Waisraeli wasivune pembe za mashamba yao wala kurudi kuokota kilichoanguka, bali wawaachie maskini na mgeni. Ruthu Mmoabi aliishi kwa sheria hiyo katika shamba la Boazi, na kutoka ukoo huo akazaliwa Daudi. Sheria haikusema mwenye shamba amgawie maskini unga uliokwisha kusagwa. Ilimwachia nafasi ya kuinama na kuokota mwenyewe. Uteuzi wa Bell ulikuwa na sura hiyo hiyo: timu dhaifu haikupewa pointi za bure, ilipewa nafasi ya kuokota mapema.

Lazima niseme pia jambo ambalo wapenzi wa mpira huo hulisahau. Vijana wenyewe hawakuulizwa. Huruma ya tajiri kwa maskini ililipwa na mchezaji, aliyepoteza haki ya kuchagua mwajiri na kupatana naye bei. Kila ninapousifia utaratibu huu nakumbuka hilo.

Uteuzi wa kwanza ulifanyika tarehe 8 Februari 1936, katika hoteli ya Ritz-Carlton mjini Philadelphia. Timu zilikuwa 9, majina yaliyochaguliwa 81. Bell, kwa kuwa wa mwisho, alichagua wa kwanza, naye alimchagua Jay Berwanger wa Chuo Kikuu cha Chicago, mchezaji wa kwanza kabisa kupata tuzo ambayo leo inaitwa Heisman. Bell hakuweza kumlipa, akamwachia Halas. Halas naye hakuafikiana naye. Berwanger akaacha mpira, akaenda kufanya kazi nyingine, na tuzo yake nzito ikakaa kwa shangazi yake, ambaye aliitumia kuzuia mlango usijifunge. Na Eagles? Mwaka huo wa 1936 walishinda mchezo 1 na kupoteza 11. Nafasi ya kwanza haikuwaletea kitu.

Bell baadaye alikuwa kamishna wa ligi nzima, tangu 1946 hadi kifo chake mwaka 1959, kilichomkuta uwanjani Franklin Field, Philadelphia, akitazama mchezo wa Eagles. Mwaka wake wa kwanza ofisini ulimkuta na kesi ngumu. Kabla ya fainali ya Desemba 1946, wachezaji wawili wa New York Giants, Merle Hapes na Frank Filchock, walifuatwa na mtu wa kamari aliyetaka kuwahonga. Hawakupokea fedha. Kosa lao lilikuwa kunyamaza bila kutoa taarifa. Hapes alizuiwa kucheza fainali hiyo, na baadaye wote wawili wakasimamishwa kwa muda usiojulikana. Bell aliona kwamba mchezo ambao watu wanashuku matokeo yake umekufa, hata kama viwanja vimejaa.

Tazama basi hali ilivyokuwa. Mtu huyo huyo aliyeweka utaratibu unaompa zawadi aliyeshindwa, ndiye aliyewafungia wachezaji kwa kunyamazia ofa ya kushindwa. Sidhani alijiona anajipinga. Kwake, kushindwa kwa udhaifu kulistahili msaada, na kushindwa kwa kuuzwa kulikuwa wizi. Ila kati ya mambo hayo mawili alikuwa ameacha uchochoro, na watu wameupita tangu hapo.

Uchochoro huo ulionekana kwanza kwa mashabiki. Mwaka 1968 Eagles hao hao walipoteza michezo 11 ya mwanzo. Watu wa Philadelphia walikuwa wamekwisha kufanya hesabu: wakipoteza yote watampata O. J. Simpson, mkimbiaji aliyekuwa gumzo la nchi nzima. Kisha timu ikakosea, ikashinda michezo miwili. Buffalo ndio waliomteua Simpson, naye mwaka 1973 akakimbia yadi 2,003 katika msimu mmoja, jambo ambalo hakuna aliyewahi kulifanya kabla yake. Katika mchezo wa mwisho wa 1968 mashabiki wa Philadelphia walikuwa na hasira kiasi cha kumrushia mabonge ya theluji mtu aliyevaa mavazi ya Baba Krismasi. Watu waliotoa fedha za kiingilio walikuwa wamekasirika kwa sababu timu yao ilishinda! (Yaliyompata Simpson maishani baadaye, na wale waliodhurika, ni habari nyingine ya huzuni. Nayataja tu ili tusidhani kwamba mtu anayemlilia fulani anajua anachokililia.)

Wachezaji wale wa 1968 walifanya nini hasa? Walishinda. Uamuzi wa kushindwa kwa makusudi mara chache sana hutoka kwa mchezaji. Sababu yake haina hata haja ya mahubiri. Maisha ya mchezaji katika ligi ile ni miaka michache, mikataba mingi inaweza kukatwa, na kijana atakayeteuliwa kwa sababu ya kushindwa kwake ndiye atakayemwondoa kazini. Kumwambia apoteze mchezo kwa ajili ya kesho ya timu ni kumwomba achimbe kaburi la ajira yake akiwa anaimba.

Tena mchezo wenyewe ni wa hatari. Yupo mtu ambaye kazi yake yote ni kumkinga mwenzake asipigwe na mtu wa kilo 130 anayekuja mbio. Akilegea nusu hatua, anayeumia ni ndugu yake. Tarehe 2 Januari 2023, mjini Cincinnati, Damar Hamlin wa Buffalo alianguka baada ya kugongana na mpinzani, moyo ukasimama. Wachezaji walipiga magoti uwanjani wakiomba wakati waganga wakimhudumia, na mchezo haukuendelea. Alipona. Anayesema mchezaji alegee kidogo tu aitazame picha ile kwanza.

Kwa hiyo kushindwa kwa makusudi hutengenezwa juu, na walioko uwanjani hawaambiwi. Mfano unaojulikana ni wa Eagles tena, usiku wa tarehe 3 Januari 2021. Walikuwa nyuma kwa pointi 14 kwa 17 dhidi ya Washington. Robo ya mwisho kocha Doug Pederson alimtoa Jalen Hurts, kwotabeki wake, yaani yule anayeongoza mashambulizi na kurusha mpira, akamwingiza mchezaji wa akiba ambaye alikuwa hajacheza msimu mzima. Wakapoteza 20 kwa 14. Pederson alieleza kwamba alitaka kumpa mchezaji huyo nafasi, na moyo wake anaujua Mungu. Lakini kwa matokeo hayo Eagles walipata zamu ya 6 badala ya 9, na Washington wakatwaa ubingwa wa kundi. Walioumia walikuwa watu wa tatu: New York Giants, waliokuwa nyumbani wakitazama, ambao wangefuzu kama Washington wangefungwa. Mtu anaweza kusema Giants walikuwa wameshinda michezo 6 tu, basi wangeshinda zaidi wasimtegemee jirani. Ni kweli. Bado jirani alikuwa na deni la kucheza kwa haki.

Siku 8 baadaye Pederson alifutwa kazi. Ningependa kuishia hapo, ionekane kwamba haki ilitendeka upesi, lakini sitawaficha yaliyofuata. Zamu ile ya 6 Eagles waliibadilisha kwa nyingine, wakabadilisha tena, na mwisho wakamteua DeVonta Smith, mpokeaji hodari. Mwezi Februari 2025 Eagles walitwaa Super Bowl kwa 40 kwa 22 dhidi ya Kansas City. Smith alifunga. Mchezaji bora wa siku hiyo alikuwa Hurts, yule yule aliyekalishwa benchi.

Wahubiri, na mimi nikiwemo, tunapenda mifano ambayo mdanganyifu anaangukia pua. Biblia ni jasiri kuliko sisi. Katika kitabu cha Yoshua, sura ya 9, watu wa Gibeoni walivaa viatu vilivyotiwa viraka, wakabeba viriba vikuukuu na mkate uliokauka, wakaja Gilgali wakijifanya wametoka mbali. Walijitia udhaifu ili wapate agano. Nao walilipata! Yoshua alipogundua hila yao hakulivunja. Walifanywa wapasua kuni na wateka maji, lakini waliishi. Kwa hiyo tukitaka kusema kwamba kujitia udhaifu ni kosa, tusiseme kwa sababu hakufanikiwi. Wagibeoni walau walikuwa wakiogopa kuuawa. Timu inayomilikiwa na mtu mwenye mabilioni ya dola inaogopa nini?

Kosa, nionavyo, liko katika shamba. Pembe zile ziliachwa kwa ajili ya maskini. Mwenye ghala akivaa matambara na kwenda kuokota kando ya Ruthu, hajavunja kifungu chochote kinachosema ni nani asiingie shambani. Masuke aliyookota, hata hivyo, yalikuwa ya mwingine, na mwaka ujao wenye mashamba watavuna hadi pembeni kwa kuwa hawaamini tena matambara ya mtu yeyote. Ndivyo ilivyokuwa katika mpira wa kikapu wa Marekani. Timu zilipotuhumiwa kushindwa kwa hiari, ligi ya NBA ilianza kutumia bahati nasibu katika uteuzi wake mwaka 1985, na tangu hapo aliye dhaifu kweli anaweza kupitwa na mwenye bahati. NFL haijafika huko.

Kuna hoja ya upande wa pili, nayo si ya kipuuzi. Mkulima huacha shamba lipumzike. Kiongozi mwenye busara anaweza kuwauza wachezaji wazee, akawaingiza vijana, akakubali mwaka mmoja wa aibu. Huo ni uwakili, mradi anasema wazi anachofanya na kila aliyeko uwanjani ameruhusiwa kushinda akiweza. Miami Dolphins mwaka 2019 walidhaniwa wanafanya hivyo. Walipoteza michezo 7 ya mwanzo, kisha wakashinda 5 kati ya 9 iliyobaki. Mwaka 2022 aliyekuwa kocha wao, Brian Flores, alidai katika kesi kwamba mmiliki Stephen Ross aliahidi kumlipa dola 100,000 kwa kila mchezo atakaopoteza. Ross alikanusha. Uchunguzi wa ligi ulisema timu haikupoteza kwa makusudi, lakini ukamlaumu mmiliki kwa maneno yake kuhusu kuitanguliza nafasi ya uteuzi. Aliadhibiwa vikali zaidi kwa kosa jingine, la kuwarubuni watu wa timu nyingine. Mimi ninachokiona katika habari hiyo ni wale wachezaji waliodharauliwa na kila mtu, wakaendelea kushinda.

Namaliza na mtu mmoja, Lovie Smith. Mwezi Februari 2007 yeye na Tony Dungy walikuwa makocha wa kwanza weusi kufikisha timu kwenye Super Bowl, na wote wawili ni watu waliomkiri Kristo hadharani. Dungy alishinda, akaitumia siku hiyo kuitaja imani yao wawili. Miaka ikapita. Mwisho wa 2014 Smith alikuwa kocha wa Tampa Bay. Katika mchezo wa mwisho, timu yake ikiongoza 20 kwa 7 wakati wa mapumziko, baadhi ya wachezaji muhimu walikaa benchi kipindi cha pili. Wakapoteza 23 kwa 20, wakapata zamu ya kwanza, wakamteua kwotabeki Jameis Winston. Watu walinong'ona. Winston alikaa miaka mitano bila kuifikisha timu kwenye mtoano. Ubingwa uliwafikia baadaye kwa mkono wa Tom Brady, mzee wa miaka 43, ambaye ujanani aliteuliwa wa 199. Brady alikuwa masazo hasa.

Kisha tarehe 8 Januari 2023, siku 6 baada ya Hamlin kuanguka, Smith yuko Houston. Timu imeshinda michezo 2 tu. Ikipoteza mjini Indianapolis, zamu ya kwanza ni yake. Ikishinda, zamu inaweza kwenda Chicago, ambako Smith aliwahi kuwa kocha miaka 9. Sekunde 50 hivi zimebaki, Houston wako nyuma kwa 7, ni jaribio la nne na la mwisho, tena wanadaiwa yadi 20. Davis Mills akarusha mpira mrefu, ukagonga mikono, ukatua kwa Jordan Akins ndani ya eneo la kufunga. Kocha angeweza kutosheka na pointi moja ya nyongeza, wakasawazisha. Smith aliamuru waende kwa mbili. Mills akamrushia Akins tena. 32 kwa 31.

Chicago walipata zamu ya kwanza. Smith alifutwa kazi usiku ule ule, na sitasema ni kwa sababu ya kushinda, maana rekodi yake ilikuwa mbaya vya kutosha. Chicago waliiuza zamu kwa Carolina, waliomteua Bryce Young na kushinda michezo 2 tu msimu uliofuata. Houston kwa zamu ya pili walimteua C. J. Stroud, aliyekuwa mchezaji bora mpya wa ushambuliaji, wakaongoza kundi lao. Mwaka mwingine mambo yangeweza kwenda kinyume kabisa, kama Eagles walivyotuonyesha.

Kijana wetu wa kipindi cha vijana aliniuliza kuhusu mchezaji, si kocha. Nilimtajia Mills. Alipokuwa akirusha ule mpira alijua kinachosemwa na kila mtu, kwamba timu inamtafuta mtu wa kuchukua nafasi yake na kwamba kushinda hakutabadilisha hilo. Aprili akateuliwa Stroud. Mills alibaki Houston, akakaa benchi.